Madhabahu, Hema na Kisima

SOMO LA JUMA
Maandiko: Mwanzo 26:1-25, Mhubiri 11:1-6, Yakobo 2:14-17
Mstari wa kukariri: Mwanzo 26:25



Juma hili tunamsoma Isaka. Nakuomba ufungue Biblia yako kwanza, usome Mwanzo 26 mstari wa 1 hadi wa 25 polepole, ndipo urudi hapa. Somo hili halitakusaidia kama hujaisoma sura yenyewe.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya maswali. Mvua ya Oktoba inakaribia, na sisi hapa Kwa Vonza tunajua kwamba hiyo ndiyo mvua yetu ya kutegemea; ile ya Machi mara nyingi hutudanganya. Baada ya ibada watu hunijia na maswali matatu. La kwanza: Mchungaji, ukame huu ni laana? La pili: kusikiliza utabiri wa hali ya hewa si kukosa imani? La tatu: tufunge na kuomba, au tuchimbe mitaro? Nitayajibu yote kutoka sura hii moja.

1. NJAA ILIMPATA MTU WA AHADI

Mstari wa kwanza unasema palikuwa na njaa katika nchi, mbali na ile njaa ya kwanza ya siku za Ibrahimu. Angalia vizuri. Isaka ni mwana wa ahadi. Mungu yuko naye. Lakini njaa haikumruka. Baba yake aliiona njaa, na yeye pia akaiona.

Sisi Wakamba tunalielewa jambo hili, kwa maana wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa. Kila njaa, yaani yua, ilipewa jina lake. Kulikuwa na Yua ya Ngomanisye mwishoni mwa karne ya 19, iliyokuja pamoja na magonjwa ya ng'ombe na ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja ile iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake "nakufa huku nimeshika": pesa ziko mkononi lakini dukani hakuna unga wa kununua. Na sisi tumeona yetu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika pembe hii ya Afrika. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na bado misimu mingine ikafuata bila mvua ya kutosha.

Sasa, je, ni laana? Najua kuna mama katika ushirika huu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake walikufa kwa sababu ya dhambi iliyofichika nyumbani mwake. Wapendwa, tusizungumze hivyo. Marafiki wa Ayubu walizungumza hivyo na Mungu akawakemea. Katika Mwanzo 26 hakuna mahali Mungu anamwambia Isaka kwamba njaa ni kosa lake. Anamwambia akae katika nchi atakayomwonyesha, na kwamba atakuwa pamoja naye.

Hata wanaochunguza hali ya hewa wanatuambia jambo la kutufariji na la kutuhuzunisha pia. Aprili 2023, kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution lilieleza kwamba joto la dunia lililoongezwa na binadamu liliufanya ukame ule uwe na uwezekano mkubwa zaidi, angalau mara 100. Mvua ilipungua, ndiyo, lakini pia joto lilinyonya unyevu kutoka udongoni na majanini haraka kuliko zamani. Joto hilo linatokana zaidi na moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa kwa wingi katika nchi tajiri na zenye viwanda vikubwa. Yule mama wa mbuzi hana kiwanda. Dhambi iko, lakini si ya kutafutwa chini ya kitanda chake.

Neno moja kwa walio na watoto waliokwenda Nairobi, Mombasa au Uarabuni kutafuta. Isaka aliambiwa asishuke Misri. Lakini Ibrahimu alishuka wakati wa njaa, Mwanzo 12:10, na Mungu hakumwacha. Kwa hiyo tusimhukumu aliyeondoka. Somo hili ni la sisi tuliobaki.

2. ISAKA ALIPANDA UDONGONI

Mstari wa 12 mnaujua. Tumeuhubiri sana wakati wa sadaka: Isaka alipanda katika nchi ile, na mwaka ule ule akavuna mara mia. Tukasema, panda mbegu yako leo! Mimi pia naamini katika kutoa. Lakini tuusome kama ulivyoandikwa. Isaka hakupanda bahasha. Alipanda mbegu ardhini, katika mwaka wa njaa, na Bwana akambariki. Baraka ilipata mahali pa kushukia kwa sababu palikuwa na shamba lililopandwa.

Basi tuulizane: mwaka wa njaa unapanda nini, na unapandaje?

Mhubiri 11:2 anatushauri tugawanye sehemu yetu kwa saba, hata kwa nane, kwa sababu hatujui ni baya gani litakaloipata nchi. Huyo alijua mambo ya Ukambani! Mtu aliyeweka ekari zote mahindi matupu ameweka mayai yote kwenye kapu moja. Mahindi tunayapenda, hata mimi muthokoi siachi. Ile mbegu ya Katumani ilitengenezwa hapo Machakos miaka ya 1960 kwa ajili ya nchi yetu kavu, kwa sababu hukomaa upesi. Lakini mvua ikikatika wiki mbili wakati mahindi yanatoa maua, yamekwisha. Mtama huweza kusimama kimya ukingojea mvua irudi. Mbaazi mizizi yake huenda chini sana. Ndengu na kunde huwa tayari kwa miezi miwili au mitatu. Ukichanganya hizo, msimu mbaya hautakunyang'anya kila kitu.

Wengine wananiuliza kuhusu mtama wa Gadam, kwa kuwa wanunuzi wakubwa wanautaka kwa pombe. Dhamiri yako ikikuzuia kuuza huko, usiuze. Lakini usiache kuupanda mtama kwa sababu hiyo. Uji wa mtama haujamlevya mtu yeyote. Wape watoto wako.

Na utabiri? Watu wa Idara ya Hali ya Hewa wakisema kwenye redio kwamba mvua itaanza lini na itakuwa nyingi au chache, kusikiliza si kukosa imani. Bwana mwenyewe katika Luka 12:54-56 aliwaambia watu kwamba wanajua kuisoma sura ya mbingu na nchi, na hakuwalaumu kwa kujua hilo. Aliwalaumu kwa kutotambua majira. Yusufu naye alipewa utabiri wa miaka kumi na minne. Hakukaa akingoja kuona kama utatimia. Alijenga ghala.

Hapa nitulie kidogo kwenye ghala. Mwaka 2004, hapa Kitui na Makueni na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu kuvu, ile aflatoksini. Hawakufa kwa kukosa chakula. Walikufa kwa chakula kilichohifadhiwa kikiwa na unyevu. Kwa hiyo kavusha nafaka yako vizuri kabisa kabla ya kuiweka, usiianike juu ya udongo mtupu, tumia turubai. Usiiweke sakafuni, inua kwa mbao. Mifuko ile isiyopitisha hewa huua dumuzi bila dawa, lakini ukitia mahindi mabichi humo umejifungia sumu. Mahindi yenye kuvu usiwape hata kuku, na usimpe mjane ukisema ni sadaka.

3. VISIMA VILIVYOFUKIWA

Mstari wa 15 na wa 18. Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa udongo visima vya Ibrahimu. Isaka akavichimbua tena, na akaviita kwa majina yale yale aliyoyaita baba yake. Halafu mstari wa 19, watumishi wake wakachimba bondeni wakapata maji ya kububujika.

Bondeni! Ni kama pale mtoni kwetu msimu wa kiangazi. Mto umekauka, mchanga mtupu, mama anainama na kikombe, anachimba, maji yanatokea. Maji yamejificha chini ya mchanga, jua haliyafikii.

Wazee wetu walikuwa na visima vya namna nyingi ambavyo tumevifukia kwa kusahau. Nitaje vitatu.

Cha kwanza ni mwethya. Kabla ya mradi wowote wa kutoka nje, watu walikusanyika wakalima kwa huyu leo, kesho kwa yule. Matuta ya milima ya Machakos na Makueni yalichimbwa hivyo, wengi wao wakiwa akina mama. Kisima hiki kimefukiwa na ile tabia ya kungoja tulipwe kwanza ndipo tushike jembe.

Cha pili ni mtaro wa fanya juu. Unapima usawa wa mteremko, unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, na juu ya ukingo unapanda nyasi za ng'ombe. Mvua ikija kwa nguvu, maji hayakimbii na rutuba yako. Yanasimama, yananywewa na shamba. Pale ambapo ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, chimba mashimo mapana ya zai, tia samadi, panda humo. Mvua kidogo inakuwa nyingi kwa sababu imekusanyika mahali pamoja.

Cha tatu ni bwawa la mchanga. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wanakijiji wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa haya, na Utooni wamefanya hivyo upande wa Machakos na Makueni. Ni ukuta imara unaojengwa juu ya mwamba, kukata mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga huo. Robo ya ujazo wake au zaidi yaweza kuwa maji. Hayakaushwi na jua upesi, mbu hawazai humo, na visima vya kando kando ya mto navyo vinapanda.

Tarehe 14 Februari 2023 taifa lilikusanyika Nyayo kuomba mvua. Wengi wetu tuliomba pia hapa. Machi mvua ikanyesha, na mimi namshukuru Mungu kwa moyo wote. Lakini nawauliza, wapendwa: maji yale yalikwenda wapi? Yalipita kwetu yakiwa mekundu kwa udongo wetu, yakaingia Tiva, yakateremka zake. Tuliomba, tukajibiwa, na jibu likapita mlangoni kwa sababu hatukuwa na chombo. Katika 2 Wafalme 3:16-20, Elisha aliwaambia watu wachimbe mahandaki bondeni kabla ya kuona upepo wala mvua. Kuchimba kabla ya wingu, hiyo nayo ni imani.

4. ESEKI NA SITNA: UGOMVI WA MAJI

Sasa tunafika mahali pagumu. Watumishi wa Isaka walipopata maji, wachungaji wa Gerari wakaja: maji ni yetu. Kisima kile kikaitwa Eseki, ugomvi. Wakachimba kingine, wakagombana tena, kikaitwa Sitna, uadui.

Kwetu ugomvi una jina: mchanga. Lori linashuka mtoni usiku, vijana wanajaza kwa koleo, asubuhi mchanga uko njiani kwenda kujenga Nairobi. Mto unabaki mwamba. Mchanga ukiondoka, ule mtungi wa asili umevunjwa, na mama anayechota pale sasa anatembea mbali zaidi. Makueni walitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, kwa maana huko watu wameuawa kwa sababu ya jambo hili. Hapo ndipo Eseki hugeuka Sitna.

Wacha niseme wazi, kwa sababu wanaosoma somo hili ni pamoja na vijana wanaojaza malori, na wenye mashamba yaliyopakana na mto wanaolipwa. Siwezi kusimama madhabahuni nikawalaani. Najua karo ya shule haingoji. Lakini Wafilisti walifukia kisima kwa kuongeza udongo, na sisi tunakiua kwa kuondoa mchanga. Matokeo ni yale yale: jirani anakosa maji. Pesa ya lori moja huisha kwa wiki. Mto ukifa, haufufuki kwa wiki.

Na kanisa nalo lijiulize. Tunapojenga, mchanga wetu umetoka wapi? Tukinunua mchanga wa mtoni ulioibwa usiku, tutamwambia nini kijana wa koleo? Napendekeza kwamba kabla ya ujenzi wowote, wazee waulize swali hilo, na kazi ya kuchimba mitaro ya kanisa wapewe kwanza vijana hawa hawa, kwa malipo.

Isaka alifanya nini? Hakupigana. Alisonga mbele akachimba tena, mpaka akapata Rehobothi, mahali pa nafasi. Lakini usifikiri Isaka alikuwa mnyonge. Abimeleki alipomjia baadaye, walikaa chini, wakala, wakaapiana, na siku hiyo hiyo watumishi wakaleta habari ya maji, mstari wa 26 hadi 33. Amani ya majirani na maji vilifika siku moja. Kamati ya mto inayokaa chini ya mti na kukubaliana ni kazi ya kiroho.

5. MVUA IKIZIDI

Tusidhani adui ni jua peke yake. Mwaka 1961 ukame ulifuatwa na mafuriko makubwa mwaka huo huo. Sisi tulitoka kwenye misimu mitano mikavu, na mwisho wa 2023 ikaja El Niño, kisha mafuriko mengine Aprili na Mei 2024. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo ikimwaga, humwaga kwa kishindo.

Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, mto ukiwa umefurika. Ndani mlikuwa na wanakwaya waliokuwa wakienda harusini. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa watu wa Mungu, wakienda kwenye furaha. Nawasihi, tusiseme "kwa jina la Yesu tutavuka" mbele ya maji ambayo huoni chini yake. Katika Mathayo 4:5-7 Bwana alikataa kujitupa chini ili malaika wamdake. Mto umejaa, subiri. Ibada ikichelewa Mungu hakasiriki. Mwenye boda boda na dereva wa kanisa, maneno haya ni yenu.

6. VITU VITATU MAHALI PAMOJA

Tumalize na mstari wa 25. Pale Beer-sheba Isaka alijenga madhabahu, akaliitia jina la Bwana. Akapiga hema yake pale. Na watumishi wake wakachimba kisima pale. Madhabahu, hema, kisima, mahali pamoja!

Hilo ndilo jibu la swali la tatu. Mwenye madhabahu bila kisima anaomba mvua na kuiacha ipite. Mwenye kisima bila madhabahu atakuwa na maji, lakini atayafungia kufuli na kumnyima jirani. Na mwenye vyote viwili bila hema, yaani bila kukubali kwamba hapa ndipo nyumbani kwake na kwa wajukuu wake, atakata miti yote achome makaa, kisha aondoke.

Hesabu moja ndogo kwa ajili ya kisima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 ni mita 200 za mraba. Mvua ya milimita 100 ikinyesha, hiyo ni lita 20,000. Toa ile inayomwagika, bado utabaki na mitungi kama 800 ya lita 20. Tumekuwa tukiimba chini ya maji hayo miaka yote, yakimwagika uani. Nyumba yako ya mabati ya mita 8 kwa 6 ingekupa karibu mitungi 200 kwa mvua hiyo hiyo, ukiweka mfereji na tangi.

Kwa hiyo, kabla ya Oktoba, nawaita kwenye mwethya wa Jumamosi tatu. Tutaanza na mashamba ya wajane na wazee wasioweza kushika jembe, kwa maana Yakobo anatukataza kumwambia mwenye njaa aende kwa amani na mikono yetu imefungwa. Kila mtu aje na jembe lake na maji yake ya kunywa. Anayeweza, alete pia kikombe cha mbegu ya mtama, kunde au ndengu kwa ajili ya asiye nayo. Mchango wa mifereji ya paa la kanisa utatajwa Jumapili.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Ni kisima gani cha wazee wetu kimefukiwa katika kijiji chenu, na nani anaweza kutuonyesha kilipokuwa?
2. Shamba lako msimu ujao lina mazao mangapi? Likipata nusu ya mvua, utavuna nini?
3. Nani katika ushirika wenu anaishi kwa kuuza mchanga au makaa? Mtamsaidiaje bila kumwaibisha?
4. Njia yenu ya kuja kanisani inavuka mto gani? Kubalianeni leo: maji yakifika wapi, hamvuki?

MAOMBI
Bwana Mungu wa Ibrahimu na Isaka, tunakuomba mvua kwa wakati wake na kwa kipimo chake. Tupe mikono ya kuchimba kabla wingu halijaonekana. Utusamehe tulipolaumu walioteseka, na tulipouza kilicho cha jirani. Utupe Rehobothi hapa Kwa Vonza, nafasi ya watu wote na maji ya watu wote. Katika jina la Yesu, Amina.